Mama Tarehe na daftari la kesi zilizoahirishwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Tarehe anafunika taipureta yake kwa kipande cha turubai, anamwomba jirani yake, fundi wa mihuri, amwangalizie meza, kisha anaingia chumba namba tatu cha mahakama. Anakaa benchi la nyuma. Hana kesi wala hajaitwa. Anatoa daftari na penseli, anatazama saa ya ukutani.

Hakimu anaingia saa nne kasoro dakika ishirini. Mama Tarehe anaandika hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Shauri la kwanza linaahirishwa kwa sababu faili halijaonekana. La pili, wakili ana udhuru. La tatu linaahirishwa bila sababu kutajwa, na hapo penseli inapiga mistari miwili.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu amewachapia watu barua na hati kwenye baraza ya mahakama. Wateja walimpa jina hilo kwa kuwa wakisahau tarehe zao za kesi, yeye anazikumbuka.

Kesi yake mwenyewe ndiyo iliyomponza. Alikuwa akidai nyumba ya marehemu mama yake, ambamo baba yake mdogo aliingia na kubadilisha kufuli. Siku ya kusikilizwa, orodha ukutani ilisema chumba namba tatu. Akakaa humo mpaka adhuhuri. Kumbe shauri lilihamishiwa chumba namba tano, ng'ambo ya korido, na likafutwa kwa sababu mdai hakuhudhuria.

Aliomba lirudishwe. Akaulizwa ushahidi kwamba alikuwepo.

"Nimewaandikia watu maelfu ya kurasa," anasema. "Siku yangu mwenyewe sikuandika hata mstari. Nilijiona mjinga kweli."

Nyumba ikabaki kwa baba mdogo. Kesho yake Mama Tarehe alinunua daftari.

Sasa ni mwaka wa tatu, na madaftari yamefika saba. Kila Ijumaa anachapa ukurasa mmoja na kuubandika kwenye meza yake, wazi kwa kila mpita njia. Katika miezi sita iliyopita aliandika mashauri 412 ya chumba namba tatu. Yaliyoahirishwa ni 268, na 97 kati ya hayo hayakutajiwa sababu yoyote.

Hakuna aliyemjali hadi fundi baiskeli mmoja, aliyefukuzwa kazi karakana, alipofutiwa kesi kwa madai yale yale ya kutohudhuria. Alikwenda mbele ya hakimu na ukurasa wa daftari la Mama Tarehe, ambaye huandika pia wanaohudhuria: saa aliyofika, benchi alilokaa, chumba kilichobadilishwa bila tangazo. Hakimu aliusoma mara mbili, akairudisha kesi.

Wiki iliyofuata barua ikaja. Karani mkuu anamtaka aondoe karatasi zake na aache kuandika, la sivyo baada ya siku kumi na nne aondoe na meza. Siku hizo zinaisha Ijumaa hii.

Mama Tarehe alimfuata ofisini. Anasema aliambiwa anachafua sura ya mahakama, naye akaomba aonyeshwe mstari mmoja tu wa uongo ili aufute. Hakuonyeshwa.

Tulimwomba karani mkuu maoni yake. Alitwambia turudi Jumatatu. Jumatatu akatwambia turudi Alhamisi.

Nyumbani hofu ni ya kweli. Mumewe, dereva mstaafu mwenye mguu mbovu, hana kipato, na meza ile ndiyo inayowalisha. Usiku wa siku ile barua ilipofika, alimsihi mkewe aombe radhi yaishe.

"Nilimuuliza, mume wangu, niombe radhi kwa kosa gani? Kwa kujua kusoma saa?" Siku mbili baadaye mzee alichechemea hadi dukani akarudi na daftari la nane.

Alhamisi kamati ya maboresho ya mahakama itasikiliza wananchi katika ukumbi wa jirani. Mama Tarehe amejiandikisha kwa jina lake kamili, ingawa fomu iliruhusu kulificha. Atadai jambo moja: kila shauri likiahirishwa au likihamishwa chumba, sababu ibandikwe mlangoni siku hiyo hiyo.

Na Ijumaa wakija kubeba meza?

Anakunja barua ya karani mkuu na kuiweka mfukoni, bila haraka.

"Baraza ni yao, waichukue," anasema. "Lakini lile benchi la nyuma liliwekwa kwa ajili ya wananchi, na mimi ni mwananchi. Sasa hivi naandika asubuhi tu, maana mchana nina wateja. Wakinifukuza hapa, nitakaa mle ndani kutwa."