Chai ya Saa Nne

Agnella wa Katindiuka hanunui mchele kabla hajazamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, maana wapo wauzaji wanaopanga mchele mzuri juu na chenga chini. Ikitangazwa kwamba misa itaanza mapema, humfuata katekista kumuuliza kama ni kweli. Wageni wa mtaa ule humcheka. Wanaojua habari zake hawamcheki sana.

Mumewe, Eustaki, alikuwa mvuvi. Kila msimu alikwenda kwenye kambi za upande wa Malinyi, akarudi na samaki wakavu na maneno matamu, na Agnella alipokea vyote viwili bila swali. Siku ya mazishi yake akatokea mwanamke asiyemfahamu, amebeba mtoto mwenye pua ileile ya Eustaki, akaomba nafasi karibu na jeneza. Agnella alisogea, akampisha. Tangu hapo hakumpisha tena mtu yeyote bila kumtazama mara mbili.

Kwa hiyo kijana wa utafiti aitwaye Donati alipofika na kidude chenye ukubwa wa kifungo cha koti, akataka kukibandika ubavuni mwa jiko, hakupata kazi rahisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Kihisi joto. Jiko likiwaka kinajua, likipoa kinajua. Tunataka kuona kama haya majiko banifu tuliyogawa yanatumika kweli au yamegeuzwa viti."

"Na maneno tunayosema jikoni?"

"Hakina masikio, mama."

"Hata nzi sijamwona masikio, lakini mnyemelee uone."

Alikubali kwa sababu jiko lenyewe lilikuwa zuri na lilikula kuni kidogo. Lakini siku zile za mwanzo alimtaka Edna, mke wa mwanawe, anong'one akiwa jikoni. Edna alinong'ona, akacheka, akarudi barazani kwenye cherehani yake. Fidel, mumewe, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Kidatu, na nyumbani walibaki wanawake wawili tu.

Kisha Agnella akakitega kidude. Jumatano alasiri, pasipo haja yoyote, aliwasha moto mkali akauacha uwake mpaka ukaisha. Donati aliporudi na simu yake kubwa kusoma joto, Agnella alimuuliza, "Haya, niambie nilifanya nini Jumatano."

Donati akatazama. "Jumatano alasiri mliwasha moto mkubwa sana. Mlikuwa na sherehe?"

Agnella alikaa chini. Kumbe hakidanganyi. Akaomba aonyeshwe na siku nyingine, na Donati akamwonyesha mistari iliyopanda na kushuka kama vilima vya njia ya Mahenge.

"Hiki cha asubuhi ni uji. Hiki kirefu cha jioni, ugali. Hivi vifupi vya saa nne ndivyo sivielewi. Joto lake dogo, haliwezi kuivisha chakula. Labda mnachemsha chai."

Saa nne Agnella huwa shambani akipalilia mpunga. Nyumbani hubaki Edna peke yake.

"Kila siku?" aliuliza taratibu.

"Hapana. Siku nyingine hakipo."

Hilo ndilo lililomchoma. Mtu anayekuja kila siku anaweza kuwa jamaa au mteja. Anayekuja leo na kesho asionekane, huyo anavizia.

Alianza kunusa vikombe. Alifungua kopo la sukari kila jioni, sukari haikupungua. Basi anakuja na sukari yake, akawaza, na hilo likamuudhi zaidi. Edna alikuwa amesuka nywele upya. Kwa ajili ya nani? Edna alikuwa akiimba. Ana furaha gani, na mume hayupo?

"Mama, unatafuta nini humo kabatini?"

"Sindano yangu."

"Sindano kwenye vikombe?"

Agnella alifunga kabati. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu Kidatu.

"Fidel mwanangu, kuna mtu anakunywa chai kwako saa nne."

"Mtu gani?"

"Simjui. Jiko linamjua."

"Naomba ruhusa kazini," alisema. "Kesho naja."

Asubuhi yake Agnella alichukua jembe kama kawaida, akaaga, akaishia kwenye mahindi ya jirani. Jua lilipokaza alirudi kwa uani akinyata. Cherehani ililia barazani, ikanyamaza. Hapohapo akausukuma mlango wa jikoni kwa mpini.

"Toka!"

Kuku jike alichomoka kwenye mdomo wa jiko, akarusha majivu, akapita juu ya kichwa chake akipiga kelele. Ndani ya majivu lilibaki yai. Agnella akagusa ubavu wa jiko, pale penye kidude. Palikuwa na uvuguvugu.

Edna alikuja mbio, futi ya kupimia nguo shingoni. "Jamani mama, umemtisha! Siku hizi anatagia humo, banda linavuja. Si ndiyo mayai tunayokula na mchicha?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Agnella alitafuta simu kwa mikono yenye majivu. "Fidel, rudi kazini. Hakuna kitu."

"Nimeshapita Kiberege, mama. Jana kulikuwa na mtu, leo hakuna kitu? Mnanificha nini?" Simu ikakatika.

Edna alikuwa amesimama palepale mlangoni. Aliisikia yote. Alivua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaketi kwenye kinu kilicholala, akasubiri.

Bodaboda ilimshusha Fidel mkoba ukiwa begani. Alimwamkia mama yake. Akampita mkewe bila kumsalimia.

"Ni kuku," Agnella alisema upesi, akimwonyesha yai. "Hutagia ndani ya jiko, kidude kinahisi joto lake. Nilikosea, mwanangu."

Fidel alitazama yai, akatazama jiko. "Kuku anachemsha chai? Mama, wewe huamini hata mizani ya mashine ya mpunga. Leo unataka niamini hadithi ya kuku? Unamwonea huruma huyu."

Agnella alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mwanawe.

"Baba yako nilimwamini bila kumuuliza," alisema. "Mkeo nikamshuku, naye sikumuuliza. Wewe usinifuate."

Edna akainuka. "Niulize sasa. Lakini unitazame mimi, usitazame jiko."

Ilimchukua Fidel muda kuyaondoa macho yake kwenye kile kidude.

"Ulikuwa unampikia nani?"

"Hakuna mtu. Na ungenipigia simu mimi jana, ungepata jibu hilohilo bila nauli."

Fidel alishusha mkoba begani, akauweka chini. Lakini hakukaa, na mkono wake haukuachia mkanda wa mkoba. Agnella alimtazama usoni kujua kama ameamini. Alimtazama tena. Hakuona kitu.