Jani la Mgomba na Konveta la Baba

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja pale Msasani, Tukuyu. Kijana akapiga picha konveta jipya kwa simu, akapima matundu ya boliti, akaagiza sahani ya chuma ya kulishikisha. Dakika mbili tu! Nikacheka peke yangu hadi akaniuliza, "Vipi, mama?" Ningemwambiaje kwamba mimi niliwahi kupimia sahani kama ile kwa jani la mgomba, na nusura nimpoteze baba?

Sikiliza, ndugu yangu. Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Mpuguso. Baba alikuwa dereva Dar es Salaam, tukimwona Krismasi tu. Mwaka ule akarudi na kigari kikuukuu cha otomatiki, abebe ndizi na maziwa ya majirani, asiondoke tena. Hakikumaliza mwezi. Konveta, lile dude la mviringo linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, likafa. Akapata jingine la kampuni tofauti, lakini matundu yake hayakuoana na ile sahani nyembamba ya chuma inayolishikisha kwenye injini. Nikamsikia akimwambia bibi, "Mama, nikikosa sahani, Jumatatu narudi Dar."

Vipimo vilitakiwa vipelekwe Mbeya, na kurasa za daftari langu zilikuwa ndogo. Baba akanituma jani la mgomba. Akalitandaza juu ya konveta, akatoboa kwa msumari kila penye tundu, akaniachia nilikunje. Mimi kwa ujuaji wangu nikalipitisha motoni, kama bibi alivyonifundisha kubabua majani ya kufungia chakula, lisije likachanika njiani. Likalainika, likanukia vizuri. Nikajisifu kweli.

Baba akaenda nalo, akarudi na sahani. Matundu yakagoma, yamepishana upana wa ukucha. Fundi jirani akashika tupa ayatanue, baba akamzuia. Sahani ile huzunguka na injini, ikiyumba kidogo tu inapasuka. Baba akaingia ndani, nikamsikia anafungua zipu ya begi lake la safari.

Jamani, moyo wangu! Nikakimbilia jikoni, nikamwambia bibi yote, machozi na kamasi. Nilitegemea fimbo. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "He! Jani likibabuliwa si linanywea? Na huyu mtu mzima, kwa nini asibebe konveta lenyewe?"

Asubuhi akamfunga baba konveta mgongoni kwa kitenge, na sahani ya zamani mkononi. Stendi akina mama wakamuuliza kama mtoto ameshanyonya. Baba akapanda basi la Mbeya. Alasiri alirudi na sahani iliyokubali pande zote mbili, ya injini na ya konveta.

Wakati wa kufunga, fundi jirani alisisitiza neno moja: boliti si za kuvutia konveta, likae lenyewe kwanza. Akalisukuma huku akilizungusha mpaka likazama kabisa kwenye gia boksi, wakainua gia boksi, wakaibana kwenye injini. Baba akaniita chini ya gari. Kwenye upenyo kati ya konveta na sahani, ukucha wangu unapita? Unapita. Linazunguka kwa mkono? Linazunguka. Maana yake lilikuwa limekaa vizuri; ndipo akakaza boliti. Kunipa mimi kipimo kingine, baada ya lile jani! Nilitamani kumkumbatia na grisi zake.

Kigari kikawaka, kikapanda kilima cha kanisani bila kukohoa. Bibi akapiga vigelegele, mimi nikakaa chini kwenye nyasi nikipiga makofi.

Leo bibi hayupo, wala jiko lake la moshi. Migomba mingi imepisha maparachichi, na watoto wangu hawajui kubabua jani. Baba yupo, mzee, bado Mpuguso. Begi lake nalo lipo chini ya kitanda cha bibi. Jioni ileile kigari kilipowaka, bibi alilijaza mbegu za maharage mpaka zipu ikagoma, na baba hakuwahi kuliulizia.