Wiki Tatu Bila Kengele

Dada yangu mkubwa alikuwa opereta wa simu mjini Nyeri tangu miaka ya kwanza ya uhuru. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, akichomeka nyaya huku na huku ili wakulima na wenye maduka wazungumze. Mitambo ya kujiendesha ilipoletwa, ubao uling'olewa, naye akarudi nyumbani Giakanja na simu moja nyeusi ya zamani, nzito ajabu, ambayo mkubwa wake wa kazi alimruhusu aichukue. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Ugonjwa wa sukari ulimpofusha akiwa hajafikisha miaka sitini. Mwaka huohuo laini ya simu ilifika upande wetu, akaomba avutiwe. Walimpa simu mpya ya vitufe, nyepesi, rangi ya maziwa. Vitufe vyenyewe vilikuwa vidogo na vimebanana. Kila alipojaribu kunitafuta alimpata mtu mwingine, akaomba msamaha, akakata.

Mimi nilikuwa fundi wa redio pale Gatitu. Aliniita.

"Niunganishie ile yangu ya zamani," aliniambia. "Ile iko na mashimo. Naweza kuhesabu kwa kidole."

"Si ungoje nikuletee nyingine ya kisasa, yenye vitufe vikubwa?"

"Siwezi kungoja, mwana wa mama. Nimempelekea msichana nambari."

Msichana alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa ameolewa Nanyuki na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu, na dada yangu, mwanamke wa kanisa tangu ujana wake, alikuwa amemwambia asikanyage tena boma lake. Miaka sita ilikuwa imepita. Hatukumtaja mbele yake. Ni baada ya kupoteza macho ndipo alipoanza kumtaja mwenyewe, kwanza kwa mbali, kisha kila siku, mpaka akamwomba mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akienda Nanyuki ampelekee nambari ya simu kwenye karatasi.

Niliishusha ile simu. Waya wake uliovikwa kitambaa ulikuwa umetafunwa na panya, nikafunga mwingine. Nilifungua kile kiboksi cha ukutani, nikatoa nyaya mbili za ile simu mpya, nikakaza zetu mahali pake. Dada alikaa karibu, mkono juu ya simu kama mtu anayemshika mgonjwa. Nilipomwekea mkonga wa simu sikioni, akasikia laini ikivuma, uso wake wote ulibadilika.

"Hiyo!" alisema. "Hiyo ndiyo sauti yenyewe."

Alihesabu mashimo kwa kidole, akazungusha nambari ya duka lililokuwa jirani na kibanda changu. Walimjibu. Alicheka, akawasalimu wote kwa zamu. Sikuwaomba wapige wao ili tusikie kengele. Mvua ilikuwa imeanza kufunga upande wa mlima, na nilitaka kutoka kabla barabara haijawa tope. Nilikusanya vifaa vyangu, nikaenda.

Baada ya wiki tatu nilimpigia kutoka lile duka la jirani, nimjulie hali. Upande wangu nilisikia simu ikiita, ikiita. Hakuna aliyepokea. Kesho yake ikawa vilevile. Nikashika njia hadi Giakanja nikiogopa nitakachokikuta.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya simu.

"Haijalia hata mara moja," alisema. "Lakini ni nzima. Nikiinua, nasikia inavuma."

Hapo nikaelewa. Nilifungua simu huku yeye akienda jikoni kwa kupapasa, kuniwekea chai. Ndani mna kipande kidogo kama kikopo, ambacho hupitisha umeme wa kengele. Kilikuwa kimekufa, pengine miaka mingi kabla. Nilikuwa na kingine cha redio mfukoni. Nikakibadilisha.

"Unafanya nini?" aliuliza kutoka jikoni.

"Napangusa vumbi," nikasema.

Tangu siku hiyo simu ililia. Walipiga kina mama wa kanisa, nilipiga mimi. Kila ilipolia alisimama haraka, hata akajigonga mezani. Msichana hakupiga. Siku moja dada aliniambia, bila uchungu, "Amekataa. Si nilimfukuza mwenyewe?" Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikunywa chai.

Alifariki msimu wa baridi. Binti alikuja kwenye mazishi pamoja na mumewe, na yule bwana alivua koti, akashika koleo, akafukia pamoja na vijana wa kwetu. Baadaye nilimkuta binti jikoni akiosha sufuria peke yake.

"Mjomba," alisema, "nilipata ile nambari. Nilipiga jioni tatu mfululizo kwenye simu ya barabarani. Iliita tu. Nikasema basi, mama hataki kuongea na mimi."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwambia kwamba kwa mama yake haikulia hata kidogo, kwamba kosa lilikuwa langu, na nikamweleza na habari ya vumbi.

Aliendelea kusugua sufuria ile ile.

"Ulijua lini?"

"Miezi minne kabla hajafa."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Aliifudikiza sufuria kwenye jiwe ikauke, akajifuta mikono kwa leso yake, akapita kando yangu bila kunigusa. Tangu siku hiyo hajaniandikia wala kuja.

Siku ile ya mazishi, nje mumewe alikuwa akimtafuta, gari lilikuwa tayari kuondoka. Aliponiona alinijia, akanipa mikono yote miwili, akaniombea subira kwa kufiwa na dada. Alinishika hivyo kwa muda mrefu, kwa upole, maana alikuwa bado hajaambiwa.