Dobi Amtafuta Babu wa Ng'ambo

Dobi wa hospitali hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akishikilia jambo, ameshikilia. Doa lililowashinda wenzake liliishia mikononi mwake. Alipostaafu, akaamua kumtafuta babu yake mzaa mama.

Babu huyo alivuka mpaka enzi za ukoloni kwenda kutafuta kazi, akamwacha mama yake dobi angali ananyonya. Hakurudi. Nyumbani jina lake halikutajwa. Ukilitaja, bibi aliinuka akaenda zake jikoni.

Dobi alianza na mama, ambaye sasa alikuwa kikongwe mwenye ulimi mkali.

"Mama, babu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Seremala. Usinichokoze."

"Huko alikwenda kufanya nini?"

"Mabehewa ya reli. Bibi yako aliniambia mara moja tu. Haya, niache nilale."

Koloni alilokwenda babu siku hizi ni nchi yenye jina jingine, hata mji wenye karakana ya mabehewa ulibadilishwa jina. Dobi alitafuta ramani mbili, ya zamani na ya sasa, akazitandaza kitandani kama mashuka, akafuata reli kwa kidole mpaka miji ikalingana. Kisha akapanda basi.

Kwenye nyumba ya nyaraka, mhifadhi alihangaika naye kwa moyo mmoja. Jina la babu hawakuliona.

"Makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia, mama," mhifadhi alimwambia. "Au kazini aliitwa vingine. Waulize wastaafu wa karakana."

Dobi akaenda kwenye geti la karakana, akaulizia mstaafu mzee kuliko wote. Akaelekezwa kwa seremala mmoja aliyekuwa akiota jua barazani kwake.

"Seremala wa mabehewa, kutoka ng'ambo ya mpaka?" mzee akacheka. "Huyo ni Msasa! Ubao haumtoshi mpaka ung'ae. Ndiye aliyenifunza kushika randa."

"Mbona hakurudi kwao?"

Kicheko kikakatika. "Alioa huku, mwanangu. Kila mwaka alisema mwaka huu naenda. Aibu ikamfunga miguu. Tulimzika hapahapa. Binti yake yupo, nyumba ile yenye mlango wa kijani."

Dobi alikwenda na hasira zake zote. Mlango ukafunguliwa, akaona paji la uso la mama yake, vilevile. Hasira zikamwishia. Mwanamke yule hakuwa amewahi kuambiwa kwamba ana dada.

Dobi akapiga simu nyumbani, akaeleza yote.

"Mimi na yeye, nani mkubwa?" mama akauliza.

"Wewe, mama."

"Mpe simu."

Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo?"

Dobi akatoka nje, akawaachia nafasi. Waliongea mpaka simu ikaisha chaji.