Homa ya Kompyuta na Kitambaa cha Mama

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mchapaji katika duka la Mhindi mmoja pale Shinyanga mjini, na kompyuta ya duka ilikuwa na tabia ya kuzirai. Asubuhi inachapa kama haina shida. Jua likifika utosini, inazimika ghafla na kazi ya mteja inapotea. Tulisingizia umeme, maana umeme hauna mdomo wa kujitetea. Bosi akachoka. Akasema ikizimika tena mbele ya mteja ataiuza, na chumba cha kuchapa atakijaza mabati. Maana yake mimi nirudi kwetu Kolandoto kupalilia pamba, na sikujifunza kuchapa ili nikapalilie!

Kompyuta ile ilitumia Linux, mfumo usiouzwa, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuona ulivyoandikwa. Mpwa wa bosi aliuleta kwenye CD alipotoka masomoni, na bosi hulipenda neno bure kuliko salamu. Siku moja adhuhuri, nikiwa na hasira zangu, nikaanza kuchokonoa CD ile, nikakuta programu ndogo ya kusoma joto la ndani ya mashine. Nikaiwasha. Kwenye kioo cheusi ikatokea namba: nyuzi sitini na nane. Nikapepesa macho. Sitini na tisa.

Siku zote nilijua chombo ni chombo, unakigonga kinaandika. Kumbe mle ndani kulikuwa na kitu kinachojipima homa muda wote, kimenyamaza kwa sababu hakuna aliyekiuliza.

Sabini na tatu. Nikainama kutazama nyuma ya mashine, nikakutana na kitambaa.

Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, viti vya wageni vina vitambaa. Nilipopata kazi, mama yangu alidarizi kikubwa chenye maua mekundu, akakileta mwenyewe, akaifunika kompyuta pande zote isipokuwa kioo, hata feni ya kuipooza. Mimi nikawa nakifua na kukipiga pasi, na bosi akawa anakisifu kwa wateja.

Nilikuwa nimekishika ncha Mama alipoingia na kikapu chake cha michembe, vile viazi vikavu alivyokuwa akiniletea kila akija mjini.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Mbona unakivuta?”

Nilitamani ardhi inimeze. “Mama, mashine inaungua humo ndani. Tazama hizo namba.”

Mama hakusoma shule, lakini namba alizijua kwenye mizani ya pamba. Nikafunua. Bosi naye akasogea. Sabini na nne. Sabini na mbili. Sitini na saba. Mama akaweka kiganja nyuma, feni ilipokuwa ikipuliza, kama anavyomshika mtoto mgonjwa kwenye paji la uso.

“Inapumua,” alisema.

“Basi haiuzwi,” bosi akasema.

Mama hakumsikia. “Nani aliifundisha kusema inaumwa?”

“Watu wa mbali, Mama. Waliandika wenyewe, wakagawa bure.”

“Wanakujua?”

“Hawanijui.”

Mama akakunja kitambaa chake, akapiga magoti mbele ya kile kioo kama wanawake wa Kisukuma wanavyowapigia wakubwa, akashukuru kwa lugha yetu, taratibu, ili wale wa mbali wasikie.

“Wabeja sana.”

Bosi, ambaye hucheka kila kitu, alivua kofia.