Pesa ya Tangi la Susu Kalunde

Mwanangu, nakumbuka Jumatano moja ambayo ningependa kuisahau, nayo haikubali. Nakuita mwanangu ingawa pengine nimekupita miaka mitano tu. Mimi bado nanyonyesha, sina mvi hata moja. Lakini aibu huzeesha mtu haraka kuliko jua la Kitui, na yangu imenipa ruhusa ya kusema. Basi keti, uwache simu kidogo.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Kanyangi ni cha mwethya, ile kazi ya kusaidiana. Leo tunachimba matuta kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa yule. Tuko kumi na wawili. Kila msimu tukiuza ndengu tunaweka pesa pamoja, tunamnunulia mmoja wetu tangi la maji. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Susu Kalunde. Susu kwetu ni nyanya. Ni mjane, na kwa miaka mingi alinunua mbuzi vijijini akiwapeleka mnada wa Emali. Lakini msimu huo mimi nilikuwa na mimba kubwa, na Susu akasema, "Huyu asibebe mitungi. Mpeni yeye, mimi nitangoja." Hivyo ndivyo tangi lilivyokuja kwangu. Kumbuka hapo, kwa sababu mimi nilisahau.

Zamu ikarudi kwake. Mimi ndiye katibu, kwa kuwa nilimaliza fomu foo. Na nilikuwa nimejiunga na kundi moja la simu ambako watu hushauriana kuhusu hisa. Kuna mtu huko, sura yake siijui mpaka leo, alisema kuna kampuni ambayo hisa moja ni bei ya andazi, na kwamba lazima itapanda kabla ya mwaka kuisha. Nikapiga hesabu. Kwa pesa ya tangi tungekuwa na hisa maelfu. Nikaona wingi, nikadhani ni utajiri.

Jumatano hiyo kikaoni nikasimama. Nikasema pesa tusiinunulie tangi kwanza, tuiweke kwa hisa, na kufika Desemba tutanunua matangi mawili.

Susu akauliza, "Hiyo kampuni inauza nini?"

"Inafanya mambo mengi."

"Taja moja."

Nikaanza kupekua simu. Yeye akaendelea polepole, "Na mbona ni rahisi hivyo? Mbuzi akiwa bado mnadani saa tisa, na bei imeshuka, jua kuna watu walimfungua mdomo, wakaona meno yake, wakamwacha."

Mwanangu, nilishikwa na hasira. Siku hizi naijua ile hasira. Ni ya mtu aliyeulizwa swali ambalo hana jibu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya watu kumi na mmoja. Nikamwambia, "Susu, wewe hata jina lako unaandika kwa kidole gumba. Haya waachie waliosoma."

Wengine wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Ilibidi kila mmoja aweke sahihi kwenye karatasi ya makubaliano, na ilipofika kwa Susu, mimi mwenyewe ndiye nilishika kidole chake nikakibonyeza kwenye wino. Akakifuta kwa leso.

Nikaenda mjini Wote kwa wakala wa hisa. Hapo nilipata nafasi ya pili, maana Mungu hachoki haraka. Msichana wa ofisini, amejifunga mtandio vizuri, akaniuliza, "Mama, hii pesa mtaihitaji lini?"

"Desemba."

Akaweka kalamu chini. "Pesa yenye tarehe si ya hisa. Hisa zinaweza kulala chini mwaka, hata miaka. Na mbona yote kwa kampuni moja?"

"Nimekuja kununua," nikasema, "sikuja kuhubiriwa."

Akaninunulia. Kazi yake ni hiyo.

Wiki mbili za kwanza bei ilipanda kidogo. Nilitembea kanisani kama mke wa askofu. Kisha ikaanza kuteremka. Nikaamka kila asubuhi naangalia simu kabla ya kumtazama mtoto. Huko kwenye kundi waliandika, shikilieni, itarudi. Nikashikilia. Siku moja yule mshauri akatoka kwenye kundi bila kwaheri. Kumbe alikuwa ameuza zake wakati ule alipokuwa akituambia tununue. Baadaye kampuni ikatangaza kwamba imeshindwa kulipa madeni, na ile bei ya andazi ikawa bei ya peremende. Nilipouza hatimaye, kilichorudi hakingenunua hata mfuniko wa tangi.

Mvua ilikuja, tena nzuri. Tangi langu likajaa mpaka likamwagika. Maji ya paa la Susu yakateremka chini, yakaenda zake. Na mvua ilipoisha, kila asubuhi akapita kwa lango langu na punda wake na mitungi minne, akielekea mtoni kuchimba mchanga apate maji. Alikuwa akisimama na kuita, "Habari za hapa? Mtoto ameamkaje?" Mimi nimejificha jikoni, nimemshika mtoto asilie. Mama mzima, nimejificha kwa sababu ya salamu. Kikundi nilikiambia soko liko chini kidogo.

Sijui nilipata wapi miguu, lakini asubuhi moja nilitoka. Nikamwambia, "Susu, pesa imeisha."

"Najua. Ulianza kujificha zamani. Mtu aliyeuza vizuri hajifichi."

Akainua kidole gumba chake, akakiweka karibu na macho yangu. "Hiki ulichokicheka kimefungua midomo ya mbuzi kutoka hapa mpaka Emali. Hakijui kuandika. Meno kinayajua. Wewe ulinunua mbuzi bila kumwona mdomo, tena mmoja, kwa pesa yote. Huyo akifa, kesho utaswaga nini?"

Nikalia. Nikasema nisamehe, chukua tangi langu. Nakwambia ukweli wote, mwanangu: nilitarajia akatae. Wazee wetu hukataa kitu mara ya kwanza kwa heshima. Susu alilitazama tangi juu mpaka chini.

"Umelisafisha?"

"Bado."

"Lisafishe. Jumamosi nitakuja na watu. Pesa si neno, hata mimi nilishauziwa mbuzi mgonjwa. Lakini ulinivua nguo kikaoni. Msamaha wa hapa langoni, ambapo anayesikia ni punda peke yake, hautoshi."

Jumamosi wakaja. Kazi ya mwethya huwa na nyimbo. Siku hiyo waliliviringisha tangi mpaka kwake na hakuna aliyeanzisha wimbo. Jumatano iliyofuata nikasimama kikaoni, nikasema yote, hata ile ya kujificha jikoni. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Susu akasema, "Tumesikia. Sasa ndengu za mwaka huu tunazifanyia nini? Katibu akileta maneno ya kampuni, aanze na kile wanachouza."

Siku hizi mimi ndiye napita kwa lango lake na mitungi. Kuna siku ananiita nichote mmoja. Kuna siku ananiangalia tu nikipita.

Mwanangu, sikukatazi hisa. Zipo kampuni nzuri, na kuna watu wamesomesha watoto kwa hizo. Lakini anza kwa kujua inauza nini, nani ananunua, na kama hulipa wenye hisa wake au huwapa maneno. Rahisi isikuvute, labda ni mbuzi wa saa tisa. Hapa kwetu hakuna mtu hupanda shamba lote mahindi peke yake. Anaweka mbaazi, anaweka ndengu, anaweka mtama, kwa sababu mvua haikumwahidi kitu. Fanya hivyo na pesa yako. Ile ya tangi, ya karo, ya hospitali, usiiguse kabisa. Na yule wa kwenye simu anayekuhimiza sana, jiulize yeye anauza nini. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nililichuma, na Susu ndiye aliyelila kwanza.

Na ukiulizwa swali na huna jibu, sema sijui. Ni neno dogo. Lingeniokolea tangi.

Mungu akupe subira ya kufungua mdomo wa kila mbuzi. Akupe mzee wa kukuuliza, na masikio ya kumsikia. Na mvua ikija, ikukute na chombo cha kuikinga, na jirani ambaye akikuita langoni unaweza kutoka umwitikie.