Fundi Sabuni na skrubu iliyopotea

Saa tatu asubuhi, na mwanamke huyu ameshazima feni, ameufungua mlango wa uani hadi mwisho na ameisogeza ndoo ya mchanga karibu na mguu wa meza. Siku nyingine hufanya kazi ameketi, kandambili miguuni. Leo amesimama, na amevaa raba zilizofungwa kamba barabara.

"Siku ya betri sivai kandambili," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtazama kazini, bila kuinua macho. "Nataka miguu iliyo tayari kutoka mbio."

Mezani mbele yake imelala kompyuta mpakato nyembamba, rangi ya majivu, ya aina wanayoipenda watu wa ofisini. Ikiwa nzima huingia kwenye bahasha kubwa ya barua. Leo haikubali hata kufungika. Betri yake imevimba ikainua kibodi, na upande mmoja inatoa harufu tamutamu kama ya rangi ya kucha. Mwanamke huyu anaijua harufu hiyo, na anaiogopa.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na minane amekuwa akitengeneza kompyuta katika chumba hiki cha nyuma, kisichozidi hatua nne kwa tano. Mtaa mzima humwita Fundi Sabuni. Jina hilo limetokana na kipande cha sabuni ya mche anachokiweka mezani. Kila skrubu anayoitoa huidunga ndani ya sabuni hadi kichwani, kwa mpangilio uleule wa mashine: ya kona ya kushoto hukaa kona ya kushoto, ya katikati hukaa katikati. Karatasi hupeperuka, kisosi hupinduka, ila sabuni hushika.

Wateja hucheka wakiiona. Yeye hacheki.

"Miaka mitatu iliyopita niliua mashine ya mtu," anasema, na sauti yake inashuka ingawa chumbani hakuna mwingine wa kusikia. "Kwenye hizi nyembamba, skrubu zinafanana vichwa, lakini nyingine ni za milimita tatu, nyingine tano. Ndefu ukiitia kwenye tundu la fupi, inapita, inatoboa bodi, moyo wa mashine. Husikii kitu! Unakaza, unajisifu, kumbe umeshamaliza."

Mashine hiyo ilikuwa ya msichana aliyekuwa akisomea uuguzi, na ndani yake mlikuwa na utafiti wake wa mwaka mzima. Kwenye kompyuta nene za zamani, fundi angeichomoa diski akaitia kwingine na kuokoa vilivyomo. Kwenye ile, kumbukumbu ilichomelewa juu ya bodi yenyewe. Bodi ilipokufa, vyote vilikwenda nayo.

Alipokuja kuichukua, fundi alimwambia nini? "Hayo tuyaache kwanza," anasema, na kuigeukia betri.

Mwenye mashine ya leo ni mkadiriaji wa gharama za majengo, mwanamume wa makamo ambaye ameketi kwenye benchi la duka la mbele, magoti yamebanana kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji. Ndani ya kompyuta hii mna hesabu za shule itakayojengwa, kazi ya miezi minane, na zinatakiwa keshokutwa. Hana nakala mahali pengine popote. Mashine imegoma kuwaka tangu juzi.

Hata hivyo, ukimuuliza kama anajuta kuinunua, anaitetea kama mwanawe.

"Miaka kumi na moja nilibeba ile nene, dada yangu. Bega hili lilishuka kuliko hili, tazama," anamwambia mwandishi, akinyoosha mabega yake yasiyolingana. "Hii napanda nayo ghorofa ya sita kwa mkono mmoja. Chaji ya asubuhi inanifikisha jioni. Nikiiwasha mbele ya mteja, haingurumi kama mashine ya kusaga." Kisha anakuna kidevu. "Tatizo ni kwamba nikiibeba nasahau kama nimeibeba. Niliisahau kwenye gari, juani, siku mbili mfululizo."

Jua hilo ndilo lililoivimbisha betri.

Aliyemuuzia ni shemeji yake fundi, mdogo wa mumewe, anayeendesha duka la mbele. Kaunta yake ina mizani ya jikoni. Mteja akiingia, huiweka kompyuta nyembamba juu ya mizani na kumwachia ajisomee mwenyewe: kilo moja na robo. Maneno mengine hufuata baadaye, na ni mengi. Kwenye rafu iliyo nyuma yake ipo mashine moja tu nene, nzito, imebandikwa karatasi: HAIUZWI. Fundi ndiye aliyeibandika, na shemeji hajawahi kuambiwa sababu.

"Inanichukulia nafasi ya mashine tatu nyembamba!" analalamika. "Shemeji, duka hili au makumbusho?"

"Wewe uza wembamba," fundi hujibu kutoka nyuma. "Matundu mawili ya waya, kumbukumbu haiongezeki, betri imebandikwa gundi. Ukishauza, ugonjwa unakuja kwangu."

Hatanii sana. Katika kila kompyuta kumi zinazomfikia, saba ni nyembamba. Kubadilisha betri moja humwachia fedha za kulisha watu watano wa nyumba yake kwa siku mbili. Bodi moja ikimfia mikononi, ataifidia kwa mapato ya miezi minne.

Skrubu kumi zimeshatoka, zimo kwenye sabuni. Ili asije akaipiga kikumbo, anaipeleka sabuni hiyo uani na kuiweka juu ya ukuta mfupi karibu na sinki. Anarudi, anadondosha spiriti chini ya betri, na kuanza kuipenyezea kadi ya plastiki, polepole, pumzi moja kwa kila upana wa kidole. Chuma hakitumii. Betri hii ikitobolewa, hulipuka moto ambao ndoo ya maji haiuwezi.

Jasho linamtiririka puani na halifuti. Mara mbili anasimama na kujipangusa viganja kwenye nguo.

"Naogopa," anasema wazi. "Kila mara naogopa. Fundi asiyeogopa hizi betri simwachii hata redio yangu."

Dakika arobaini zinapita. Gundi inaachia kwa mlio mdogo wa kuchanika, na betri inatoka nzima. Anaifukia mchangani, anaibeba ndoo hadi katikati ya uani, na hapo ndipo anapoinua macho kuelekea sinki.

Shemeji yuko pale. Ametoka kushusha maboksi, mikono imejaa vumbi, simu ameibana kati ya sikio na bega, anamsifia mteja wembamba wa kompyuta fulani. Ananawa. Povu limejaa mikononi.

"Aisee, sabuni gani hii inachoma?" anasema, akiitazama kwa mara ya kwanza.

Fundi anakimbilia sinki. Kisha anapiga magoti kwenye saruji yenye maji na kuanza kuokota. Shemeji anakata simu na kupiga magoti pia. Wanapekua povu, wanapekua sinki, wanafungua bomba la chini na kumwaga kila kitu kwenye ungo. Skrubu tisa zinapatikana. Ya kumi imekwenda na maji.

Zaidi ya hapo, mpangilio umefutika. Aina hii ya mashine hajaifungua kabla, na hakuchora popote, kwa kuwa aliiamini sabuni.

Anazisimamisha skrubu juu ya kioo, vichwa chini, na kuzipanga kwa urefu: fupi sita, ndefu tatu. Iliyopotea ni fupi au ndefu, hajui. Betri mpya ameshaiweka. Kilichobaki ni kufunika, na matundu kumi yanamtazama, yote yamefanana.

Anachomoa ujiti mwembamba wa fagio. Anauteremsha katika kila tundu bila kusukuma, anatia alama kwa ukucha, anaupima kando ya skrubu. Anarudia kila tundu mara tatu. Matundu sita yanajionyesha kuwa mafupi, na sita fupi zinaingia. Mawili ni marefu bila ubishi, na ndefu mbili zinaingia. Kwenye mawili yaliyobaki, ujiti unasema hivi, ukirudia unasema vile. Mkononi mwake imebaki skrubu moja ndefu.

"Itie tu, shemeji," ananong'ona mwenye duka. "Lingine liache. Jamaa hatageuza kuangalia chini. Anangoja, na mimi ndiye niliyemuuzia."

Fundi anaiweka ncha ya skrubu kwenye tundu. Bisibisi inagusa kichwa chake. Anakaa hivyo muda mrefu, na inaonekana wazi kwamba anachokiona ni mashine nyingine, ile ya miaka mitatu iliyopita.

Kisha anaitoa. Anaitia kwenye bahasha ndogo, anageuza kompyuta na kubonyeza kitufe.

Hakuna kitu. Anahesabu kimoyomoyo. Kwenye benchi la mbele, mkadiriaji amesimama bila kuitwa. Kwenye sita au saba hivi, kioo kinawaka.

"Njoo, kaka," fundi anaita. "Njoo na flashi. Nakili kazi yako kabla hujaniambia ahsante."

Anapomaliza kunakili, fundi anaigeuza mashine na kumwonyesha matundu mawili matupu. Anamweleza yote: sabuni, sinki, skrubu ya kumi, na ile ya kwenye bahasha ambayo hakuthubutu kuikaza. Mkadiriaji anasikiliza, anamtazama shemeji ambaye bado ana povu kwenye kiwiko, na anaanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia. Anasema atairudisha wiki ijayo, vipimo vya skrubu vikipatikana. Anaondoka ameikumbatia kwa mikono miwili.

Sasa ndipo fundi anapoketi. Anavuta droo na kutoa kiberiti kikuukuu. Ndani yake mna skrubu moja, milimita tano.

"Ni hii," anasema. "Nilimwambia yule binti kwamba umeme wa kwao umeiunguza. Akaniamini. Akaniomba radhi kwa kunisumbua, mtoto wa watu, akanishukuru. Baadaye nikasikia amerudia mwaka. Nilimpigia, namba haipatikani. Kusema kweli, nilipoambiwa haipatikani nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayoninyima raha."

Shemeji amesimama mlangoni, anajifuta povu la kiwiko kwa shati.

"Andika kwenye gazeti lako," fundi anaendelea. "Mashine ilikuwa nyembamba, nyeusi, ina stika ya kipepeo cha njano. Atajijua. Andika kwamba haikuungua. Niliiua mimi, nikamsingizia umeme wa kwao. Anaweza kuja kunitukana, ana haki hiyo. Naogopa siku hiyo kuliko betri, lakini aje."

Anainuka, anakwenda duka la mbele na kuiteremsha ile kompyuta nene kutoka kwenye rafu. Anaifuta vumbi kwa kiganja. Shemeji anaisogeza mizani yake pembeni ili ampe nafasi ya kuiweka.

"Hii nimemtengea yeye," anasema. "Mwambie ni nzito, itamchosha bega. Lakini diski yake inatoka."